Emerensiana na Mikia ya Kijerumani

Kama kuna kitu Emerensiana alikichukia mwaka ule kuliko ukungu unaoozesha maharage shambani, basi ni ile karatasi aliyoibandika kwa mikono yake mwenyewe kwenye ukuta wa jiko, juu ya masufuria. Ilikuwa na vyumba arobaini na nane. Alivihesabu mara nyingi wakati anasubiri maji ya ugali yachemke. Ndani ya kila chumba kulikuwa na kimkia kimoja: e, en, er, es au em. Mikia mitano tu, lakini imetawanywa vyumba vyote arobaini na nane kama kuku wa jirani, huwezi kujua leo yupi kalala wapi.

Hiyo ndiyo mikia ya maneno ya sifa ya Kijerumani. Meza kubwa, ukuta mweupe, maji baridi: kwa Mjerumani lile neno la sifa halikai hivihivi. Linaota mkia. Na mkia wenyewe hubadilika kufuata kama kitu ni cha kiume, ni cha kike, au si cha kiume wala cha kike. Kufuata kama kinatenda au kinatendewa. Na kufuata kale kaneno kadogo kalikokaa mbele yake. Ukishamaliza hapo, ukidhani sasa utapumua, unaambiwa kuna wakati jina lenyewe la kitu nalo linaota mkia wake.

"Sisi kwetu kitu kinajulikana tangu mlangoni," alimwambia mume wake Joakim. "Mtoto mdogo, kitanda kidogo. Herufi iko mbele, unaiona inakuja. Hawa wenzetu wameificha nyuma. Unatembea na neno mpaka mwisho ndio unakuta shimo."

Joakim alikuwa anakwangua udongo kwenye jembe. "Basi tembea taratibu," alisema.

Emerensiana aligeukia masufuria yake. Kuna majibu ya mume ambayo ukiyajibu unachelewesha chakula.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kwao Liuli, ziwani, watu wa dagaa na muhogo, ila aliolewa huku juu Namswea kwa Wamatengo, watu wa kahawa na mahindi, ambako Julai maji ya kunawa uso yanauma kama siafu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kufanya kazi ya uhudumu wa zahanati miaka miwili. Alikuwa na mtoto mmoja, Gaudiosa, wa miaka mitatu na nusu, na kwa ajili yake wote pale nyumbani walimwita Mama Gaudi.

Na alikuwa na barua. Nyumba moja ya kutunzia wazee huko Ujerumani ilikubali kumchukua, asomee uuguzi miaka mitatu huku akifanya kazi. Barua ilisema nafasi yake itashikiliwa mpaka mwisho wa Julai, alete cheti cha lugha. Mtihani ulikuwa na sehemu nne. Februari alikwenda Dar es Salaam akafanya zote: kusoma alipita, kusikiliza alipita, kuandika alipita. Kuzungumza akapata alama arobaini na nane, na zinazotakiwa ni sitini. Aliruhusiwa kurudia sehemu hiyo moja mwezi wa sita. Akianguka tena, nafasi ingekwenda kwa mwingine, na Emerensiana angebaki kuwa yule mama wa Namswea aliyekaribia kwenda Ulaya.

"Ni ile mikia," alisema siku majibu yalipokuja.

"Lakini kuandika si ulipita?" Joakim aliuliza. "Kwani ukiandika mikia haipo?"

"Ukiandika unakaa unahesabu vyumba. Ukisema, mtu amekukodolea macho mdomoni."

Joakim akaona hilo lina maana, akatoa shauri ambalo lilimfanya mke wake atamani asingelalamika kabisa. "Nenda kwa baba."

Baba yake Joakim, mzee Baltazar, alikuwa seremala. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika karakana ya mabruda, watawa wa Kijerumani, akarudi nyumbani na mgongo mbovu, kikosi cha randa na patasi, na Kijerumani ambacho pale kijijini hakikuwa na wa kuzungumza naye. Wakati mwingine alisikika kwenye banda lake la useremala peke yake akiugombeza ubao kwa lugha hiyo.

Lakini alikuwa baba mkwe. Na mkwe wa kike, iwe kwa Wanyasa wa kwao ziwani au kwa Wamatengo, ana njia yake. Anapiga goti kusalimia. Anapokea kwa mikono miwili. Akiulizwa anajibu, asipoulizwa ana kazi jikoni. Zaidi ya yote habishani. Mzee akisema leo mvua itanyesha, na jua linapasua mawe, mkwe anaanua nguo.

"Nikakae bandani na baba mkwe niongee?" Emerensiana aliuliza. "Mama atasemaje?"

Mama mkwe, Mektilda, alisema kidogo tu. "Kama ni masomo, ni masomo," alisema, lakini siku ya kwanza alileta kikapu chake cha maharage akachambulia karibu na banda, mahali ambapo hajawahi kuchambulia maharage tangu aolewe.

Emerensiana alikwenda na nakala ya karatasi yake. Alipiga goti, akasema shikamoo baba, akaitoa kwa mikono miwili. Mzee Baltazar aliinyoosha mbali na macho, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Ni mikia, baba."

"Ya nini?"

"Ya Kijerumani. Ndiyo hiyo unayoitumia ukizungumza."

Mzee akaiangalia tena kwa muda. "Mimi sijawahi kusema hivi," alisema, akairudisha. "Mimi nilifundishwa na mbao. Bruda anasema, gib mir den scharfen Hobel, nipe ile randa kali. Ukileta butu, inarudi kwako kwa hewa. Siku tatu hivi unakuwa umeelewa."

Emerensiana alifungua daftari haraka. "Kwa nini scharfen, baba?"

"Kwa sababu butu ingechana ubao."

"Nauliza ule mkia, baba. Kwa nini ni scharfen, si scharfe?"

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yameloa. "Sasa ungetaka niseme nini?"

Hivyo ndivyo masomo yalivyokwenda mwezi wa tatu na wa nne wote. Kila saa kumi jioni, akishatoka kupalilia ngolo, yale mashimo ya mteremkoni wanamopanda mahindi na maharage, Emerensiana alinawa miguu akaenda bandani kuongezewa kichwa kuuma. Alijifunza kwamba nyundo ni mwanamume, msumeno ni mwanamke, na shoka si huyu wala yule. Aliuliza ni nani aliyelikagua shoka. Alijifunza kwamba hata msichana, mtoto wa watu, kwa Wajerumani si wa kike wala wa kiume, ni kitu tu, ein kleines Mädchen, na siku hiyo alimtazama Gaudi anayejipaka vumbi la mbao usoni, akakasirika kwa niaba yake.

Na kibaya kuliko vyote, mzee aliimeza ile mikia. Mabruda wake walikuwa watu wa milimani kusini mwa Ujerumani, na wao walikuwa wanaimeza, naye akaipokea hivyohivyo. Emerensiana alitega sikio apate kusikia mwisho wa neno, akasikia kitu kama mtu anayefunga mdomo. Yaani alikuwa amekesha na vyumba arobaini na nane, halafu mtu pekee anayejua lugha hiyo milima yote ile anaipitisha mikia kooni kama uji.

"Baba, hapo ilikuwa en au em?"

"Wapi?"

"Hapo uliposema."

"Aa," alisema mzee. "Hapo ilikuwa meza."

Ikifika zamu yake kusema, Emerensiana alianza vizuri, akafika kwenye neno la sifa, akasimama. Macho yalipanda kwenye bati. Vidole vilihesabu: kitu cha kiume, kinatendewa, mbele kuna ein. Mzee alikuwa na desturi ya kuendelea kupiga randa wakati anasubiri, na kuna siku alimaliza upande mzima wa ubao kabla mkwe wake hajapata mkia wa neno "kubwa". Alipoupata ulikuwa sawasawa. Tatizo ni kwamba kwa wakati huo wote wawili walikuwa wamesahau ni kitu gani kikubwa.

Mwanzoni mwa Mei, zikiwa zimebaki wiki tano, mzee aliweka randa chini. "Hebu niambie," alisema, "kule Dar ilikuwaje? Waliuliza nini, ukasema nini?"

Emerensiana alisimulia. Sehemu ile mnaingia wawili wawili, mnapewa jambo mpange pamoja mbele ya watahini. Yeye aliwekwa na mzee mmoja mwenye mvi, mtu mpole, wakaambiwa wapange kwenda kumwona rafiki aliyelazwa.

"Akasema twende Jumapili. Nikasema ndiyo. Akasema tupeleke maua. Nikasema ndiyo, vizuri sana. Akasema tukutane saa nane kituoni. Nikasema ndiyo."

"Na wewe ulitaka maua?"

"Nilitaka tupeleke uji, baba. Mgonjwa na maua wapi na wapi."

"Sasa mbona hukusema?"

Emerensiana alishangaa swali lenyewe. "Alikuwa mzee."

Nje, Mektilda aliacha kuchambua.

"Kwa hiyo ulisema ndiyo mara tatu," alisema mzee Baltazar, "ukarudi nyumbani kuja kulaumu mikia."

Akakaa juu ya gogo, jambo ambalo mgongo wake haukulipenda, akamweleza. Mwaka wake wa pili karakanani, Bruda mkubwa alipima mlango wa kanisa. Baltazar kijana alikuwa ameshika upande wa pili wa kamba, akaona kipimo kimekosewa, kimepungua kiasi cha kiganja. Hakusema. Bruda alikuwa mtu mzima, ana ndevu mpaka kifuani, utamwambiaje umekosea? Wakakata, wakaunganisha, wakachonga wiki tatu nzima. Siku ya kuutundika, mwanga ukapita chini ya mlango na kuku naye akapita.

"Bruda akaniuliza, hukuona? Nikasema niliona. Hakunigombeza kwa mlango. Alinigombeza kwa kuona na kunyamaza. Tangu hapo nilijifunza neno Nein, yaani hapana. Haya, nami niambie. Nasema hili benchi ni fupi."

Benchi lilikuwa refu kama mtumbwi.

"Ja," alikubali Emerensiana, macho chini.

"Sema Nein."

"Siwezi, baba."

Wiki nzima ilikwenda hivyo, na sasa waliokuwa wanachoka ni wawili. Mzee alisema nyundo ni ya mbao laini, mkwe akakubali. Alisema Namswea ni kubwa kuliko Mbinga mjini, mkwe akakubali. Alisema Gaudi ni mtoto wa jirani, mkwe akacheka kidogo nyuma ya kitenge, akakubali. "Kwa Kijerumani wewe si mkwe wangu," alimwambia, sauti imeanza kukwaruza. "Kwa Kijerumani wewe ni fundi mwenzangu. Unanielewa?"

"Ndiyo, baba."

"Hapana, hunielewi."

"Ndiyo, baba."

Mzee alishika kichwa. Jioni ile alibakiza nusu ya ugali wake, na Mektilda akataka kujua nani kamuudhi.

Mambo yalibadilika Jumatano moja, na hakuna aliyekuwa ameyapanga. Mzee alikuwa anatengeneza kitanda cha Gaudi, kwa kuwa mtoto sasa alikuwa mkubwa wa kulala peke yake. Alikuwa na mbao mbili za kuchagua kwa ubavu wa chini. Mmoja mrefu, mkavu, umenyooka. Mwingine ulikuwa na ufa uliotoka kichwani mpaka karibu na katikati. Akachukua wenye ufa.

"Nein," alisema Emerensiana.

Mzee hakuinua uso. Akauweka ubao kwenye benchi, akatafuta penseli nyuma ya sikio.

"Nicht das Brett. Das Brett ist kaputt." Alikuwa amesimama. "Nimm das gute Brett. Das lange, trockene Brett." Si ubao huo mbovu, alikuwa akimwambia, chukua ule mzuri, mrefu, mkavu.

"Ule mzuri ni wa meza mpya ya Padri," alisema mzee kwa Kijerumani, polepole, anapima.

Padri ana meza tayari, alijibu Emerensiana kwa Kijerumani, einen großen Tisch, meza kubwa, yeye Emerensiana amewahi kulia chakula juu yake siku ya kipaimara. Na mtoto wake halali auf einem kaputtes Brett, juu ya ubao mbovu, iwe kwa ajili ya Padri au kwa ajili ya Askofu. Ubao ule utapasuka, na Gaudi anajigeuzageuza usiku, ataangukia sakafu ya saruji, na baridi ya hapa baba anaijua. Kidole chake kilikuwa kinaelekea kwenye kifua cha baba mkwe. Hakujua kilifikaje pale.

Alichosikia kilichofuata ni kikapu kuanguka. Mektilda alikuwa mlangoni mwa banda, maharage yamemwagika miguuni.

"Mama Gaudi," alisema. "Unamfokea baba?"

Emerensiana alipiga goti palepale kwenye vumbi la mbao, uso unawaka. Mzee Baltazar alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika, na mkwe wake alidhani amemliza. Kumbe anacheka.

"Mwache," alimwambia mkewe. "Anasoma."

"Anasoma matusi?"

"Anasoma mbao."

Mektilda hakuamini. Siku nne hakumsemesha mkwe wake zaidi ya lile la lazima, chumvi iko wapi, mtoto kala. Emerensiana aliyabeba hayo, akateka maji mara mbili zaidi ya zamu yake. Lakini jioni ile ya Jumatano, akiwa anasonga ugali, macho yalipanda yenyewe kwenye ile karatasi ya ukutani, yakatambaa chumba hadi chumba mpaka yalipofika. Kaputten. Ilitakiwa iwe kaputten. Alikuwa amesema kaputtes mbele ya mtu mzima, tena kwa kupiga kelele. Mwiko ulisimama kwenye sufuria. Alitamani arudi bandani akaurekebishe ule mkia mmoja, ndipo akakumbuka kwamba mzee alikuwa ameusikia ubao, akauelewa, akaurudisha wenye ufa kwenye rundo. Hilo nalo lilimkera. Miezi mitatu anahangaika na mikia, halafu ubao unahama kwa mkia wa uongo.

Tangu siku hiyo waligombana kila jioni. Waligombania misumari, mvua, na kama kuku wa ziwani ni wakubwa kuliko wa milimani. Emerensiana alikosea, akasahihishwa mara chache, mara nyingi hapana, na alipomaliza alipiga goti, akaaga kwa Kiswahili, akaenda kupika.

Mwezi wa sita alikwenda Dar es Salaam. Kwenye korido alionyeshwa mwenzake wa kupanga naye. Alikuwa baba mmoja wa miaka hamsini na kitu, mwili mkubwa, ndevu zimechanganyika nyeupe. Alijitambulisha kuwa anaitwa Methodi, dereva wa malori, anatafuta kazi hukohuko Ujerumani. "Usiogope binti, nitakuongoza," alimwambia, kwa wema kabisa. Magoti ya Emerensiana yalitaka kukunjika yenyewe kumsalimia.

Waliambiwa wapange kumuaga mfanyakazi mwenzao anayehama. Methodi akaanza kama gari linaloteremka mlima: Jumamosi usiku, kwenye ukumbi, nyama ya kununua, bia. Akamgeukia. Watahini wawili, mama na kijana, walikuwa wameshika kalamu.

Neno la kwanza lililofika mdomoni lilikuwa Ja. Emerensiana alilihisi limekaa pale, laini, limezoea. Akalimeza.

"Nein, Herr Methodi," alisema. "Das finde ich nicht gut." Hilo silioni zuri.

Methodi alimtazama kama mtu aliyesimamishwa na trafiki barabara ambayo haina trafiki. Emerensiana akaendelea. Wenye watoto wadogo hawawezi usiku. Ifanyike mchana. Na chakula cha kununua cha nini, watu wanaweza kupika wenyewe, kinachotakiwa ni sufuria kubwa moja tu, eine große Topf. Aliusikia ule mkia unapotoka, akajua palepale kwamba ni mbaya, sufuria kwa Wajerumani ni mwanamume, ilitakiwa einen großen. Uliuma kama pilipili kwenye kidonda. Macho yakaanza kupanda kwenye dari kutafuta chumba chake. Akayashusha, akayaweka usoni kwa Methodi, akauliza nani atakayewapikia watu ishirini kwenye kisufuria.

Hapo Methodi akaamka naye. Akasema yeye hajawahi kupika. Emerensiana akasema basi ataosha vyombo. Yule mama mtahini aliinamisha uso kwenye karatasi yake, na kwa muda hakuandika.

Majibu yalikuja Julai, saa tano asubuhi, Emerensiana yuko kwenye vichanja anageuza kahawa, Gaudi amekaa chini akipanga punje mbovu mstari mmoja. Simu ililia kidogo mfukoni mwa aproni. Mikono ilikuwa inanata, akaipangusa mara mbili kabla ya kuigusa. Kuzungumza: sitini na saba. Amepita.

Alisoma tena. Sitini na saba, baada ya yote yale. Alijitafutia hasira yake, ile iliyomfaa kila siku tangu Februari, aikasirikie hiyo sitini na saba, aikasirikie mikia. Hakuiona. Mahali ilipokuwa palikuwa wazi, na pale wazi akaona jambo ambalo miezi yote hii hakuwa ameliangalia usoni, kwa kuwa kila alipokaribia kuliangalia alikuwa na mkia wa kuhesabu. Mwisho wa Agosti angeondoka. Gaudi angekuwa na miaka saba akirudi.

Mektilda alikuwa upande wa pili wa kichanja. Alikuwa ameiona simu, na alikuwa ameuona uso.

"Umepita?"

"Nimepita, mama."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa polepole. Hakupiga vigelegele, aliacha hilo kwa jioni, watu wakirudi. Akazunguka kichanja, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akamwinamia Gaudi, akachukua kitenge kilichotundikwa kwenye nguzo.

"Njoo kwa bibi," alisema. "Mlete mgongoni kwangu, mama yake. Aanze kunizoea."

Alisema kwa upole, na alikuwa amesema la kweli. Mtoto alipaswa kuanza kuzoea. Emerensiana aliweka simu mfukoni.

"Hapana, mama," alisema.

Ilikuwa kwa Kiswahili, wazi, mchana kweupe. Hata yeye alisikia jinsi neno lilivyotua kwenye kahawa.

"Bado wiki saba," alisema. "Wiki saba hizi nitambeba mimi."

Mektilda alisimama na kitenge mkononi. Alimtazama mkwe wake huyu wa ziwani kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu iliyojaa maganda ya kahawa, kwa muda wa kutosha mtu kukata tamaa. Kisha akakikung'uta kitenge, vumbi likatoka, akampa.

"Mfunge vizuri basi," alisema. "Ana miguu mirefu huyo."